Wacheni Kupaka Mbwa Oili Chafu

Kuna mbwa kwa ploti yetu anaitwa Simba. Mwezi jana alianza kujikuna usiku kucha, manyoya yakaisha masikioni na kwa viwiko. Kabla nishtuke, jirani alikuwa ashampaka oili chafu ya gereji. Ati ndiyo dawa, hata babu yake alitumia.

Naelewa, oili ni ya bure na daktari wa mifugo anataka pesa. Mimi niliacha chuo juu ya karo, siwezi kumhubiria mtu kuhusu pesa. Lakini wasee, mbwa hujilamba! Ile sumu ya injini yote inaingia tumboni, na ngozi yenye vidonda inazidi kuchomeka.

Tulimwosha kwa sabuni ya vyombo, tukachanga, daktari akaja. Alikwangua ngozi kidogo akaipima kwa hadubini: sarcoptes, vijidudu vinavyochimba ngozi. Hivi vinahamia hadi kwa watu, na kumbe watoto wa huyo jirani walikuwa wakijikuna wiki nzima, wakidhani ni mbu.

Na usikimbilie agroveti kununua ivermectin ya ng'ombe ukakadiria kwa macho. Kipimo kikizidi mbwa anatetemeka, anaweza hata kufa, na jamii ya collie huumizwa na kiasi kidogo tu. Sindano moja pia haitoshi, mayai huanguliwa baadaye.

Ya pili ya Simba ni Jumamosi. Jirani ameshatoa mia mbili yake, bila kuombwa.