Staa, Sanrufu na Kibarua cha Dereva: Kelele Ile Haikuwa ya Gari

Klipu ya staa mmoja wa Bongo Fleva akikatiza bonde la Kilombero na sanrufu wazi imetembea wiki nzima, na si kwa sababu aliyoitaka yeye. Wimbo mpya hausikiki. Kinachosikika ni "wuu-wuu-wuu-wuu", kama mtu anapiga ngoma ndani ya pipa. Staa kashika masikio, dada aliyekaa pembeni yake kakunja sura. Kesho yake ikashuka posti: kaletewa gari bovu, dereva hajui kazi, tajiri wa gari ajitathmini. Mashabiki wakamwaga povu. Tajiri naye, kwa kuogopa jina lake kuchafuka, akamnyang'anya kijana wa watu funguo.

Huo ni uonevu. Gari lile ni zima. Kelele ilisababishwa na aliyekaa siti ya nyuma na kutoa amri.

Walioikata klipu na kuisambaza waliishia kwenye kelele, kwa sababu ndo inachekesha. Ikiachwa iende mpaka mwisho, sauti ya dereva inasikika kwa mbali: "Bosi, tushushe kioo cha nyuma kidogo, itatulia." Jibu likaja fasta: "We endesha!" Basi tena. Wigi la dada lisivurugike, vioo vyote vinne juu, sanrufu iwe wazi mpaka mwisho ili milima ya Udzungwa iingie kwenye kamera. Mtu akitaka kuitengeneza ile kelele kwa makusudi, anafanya hivyo hivyo.

Hakuna uchawi hapo. Chukua chupa tupu ya soda, puliza upepo upite juu ya mdomo wake: italia. Gari lililofungwa vioo na kuachiwa tundu moja juu ni chupa hiyo hiyo, ila kubwa. Upepo ukipita juu ya tundu unajikunja, unasukuma hewa ya ndani, hewa inarudi, inasukumwa tena, mara kama 20 hivi kwa sekunde moja. Na kwa kuwa chupa yenyewe ni kubwa, mlio wake ni mzito mno, kiasi kwamba sikio halisikii sauti bali linahisi kupigwa. Mjerumani Hermann von Helmholtz alishaichambua tabia hii ya hewa ndani ya chombo chenye tundu huko karne ya 19. Maikrofoni ya simu ndo huwa inachanganyikiwa kabisa, kwa hiyo kwenye klipu mambo huonekana mabaya kuliko yalivyokuwa.

Sasa kioo cha nyuma kinafanya nini? Kinaitoboa chupa. Kikishuka upana wa vidole viwili vitatu tu, hewa inapata pa kutokea na ule mdundo unakatika palepale, kama mtu kazima redio. Bure kabisa. Wigi halitikisiki kwa uwazi wa vidole viwili, tusidanganyane.

Kuna mdau aliandika kwenye komenti, "Mbona mwanzo wa klipu gari lilikuwa kimya?" Akachekwa, kumbe kauliza la maana kuliko wote. Kelele hii ina mwendo wake. Kila gari na namba yake, lakini chini ya mwendo huo hewa haipati nguvu ya kuimba. Ndo maana miaka ya vumbi hakuna aliyelalamika kati ya Kidatu na Ifakara. Kwanza nani angefungua paa kwenye vumbi lile? Watu walikuwa wanafika Ifakara nyusi zimekuwa nyekundu na vioo wamefunga. Sasa zile kilometa karibu 67 zina lami, mtu anatoka Kidatu anakanyaga, anapunguza Mang'ula kwenye kibao cha 50 na gari linanyamaza, anatoka kijijini anakanyaga tena na ngoma inaanza upya. Kwa hiyo kupunguza mwendo nako ni dawa, ingawa dawa hiyo mastaa hawaipendi.

Halafu kuna hili la kufungua paa mpaka mwisho. Sanrufu za baadhi ya Toyota, kitufe kikibonyezwa, paa linasimama kabla ya kufika mwisho, na wenye gari wanadhani limekwama, wanabonyeza tena. Halijakwama. Limewekwa lisimame hapo kusudi, kupunguza kelele za upepo, na kitabu cha gari kinasema hivyo. Shida ni kwamba ndinga nyingi za Bongo zimetoka Japani zimeshatumika, na kitabu kikija nacho kimeandikwa Kijapani, kinalala kwenye droo ya dashibodi mpaka gari linauzwa tena.

Kama vidole viwili vya kioo havijasaidia na paa halijafunguliwa lote, hapo ndo pa kuanza kulishuku gari. Kitu cha kwanza kuangalia ni kile kikingio chembamba, mara nyingi cheusi, kinachoinuka chenyewe kwenye ukingo wa mbele wa tundu paa likifunguka. Kazi yake ni kuutupa upepo juu ili usijikunje ndani. Gari likiwa limesimama, kikandamizwe kwa kidole: kizima kinarudi juu chenyewe. Kilicholala, kilichovunjika mkono au kilichojaa matope hakifanyi kazi, na kuna magari yanatoka kupigwa rangi bila hicho kitu na mwenye gari hata hajui. Na kama kelele ni ile ya "shiii" wakati paa limefungwa, hiyo kesi nyingine, ni raba ya pembeni imechoka.

Kilichotia hasira zaidi ni ushauri wa mafundi wa kwenye komenti. Eti tajiri aligandishe paa kwa silikoni yaishe. Sanrufu haizuii maji yote. Yanayopenya yanaingia kwenye mfereji wa pembeni na kushuka kwa mipira myembamba kwenye kona mpaka chini ya gari. Silikoni ikitiririkia humo, au mipira ikiziba kwa vumbi na yale majivu ya miwa yanayoruka huko Kidatu na Msolwa mashamba yakichomwa, masika ya bonde hili hayana huruma: maji yanamwagikia kwenye siti. Nusu kikombe cha maji kwenye kona ya mfereji kinatosha kupima. Yakitokea chini, salama.

Kijana yule hakusomea haya darasani. Kaendesha wageni tangu wenzake wanapanga foleni ya kivuko, kabla ya daraja la mita 384 kuzinduliwa mwaka 2018, na anajua kila gari analia vipi likilia. Alitoa ushauri mmoja, kwa adabu, akaitwa hajui kazi mbele ya nchi nzima. Kuna watu watasema staa ni mteja na mteja ndo bosi. Sawa, bosi anaamua vioo vikae vipi. Lakini akishaamua, kelele ni yake, asimbebeshe mtu aliyemwambia.

Na tajiri wa gari naye hachomoki. Kabla ya kuchukua funguo, angeingia ndani, afungue paa, akimbize kutoka Kibaoni kuelekea Kiberege dakika kumi tu, mara ya kwanza vioo juu, mara ya pili kioo kimoja chini. Angejua nani wa kumpigia simu.

Hadi sasa klipu imeshafutwa kwenye ukurasa wa staa. Posti ya kumchana dereva bado ipo.