Mchagua Jembe Si Mkulima

Wapo wapenzi wa muziki wanaodai kwamba mwanagenzi asiyemudu gitaa la thamani ni bora asianze kabisa. Hoja hiyo hujivika joho la kuitetea sanaa, na huku inawafungia mlango wasio na kitu.

Historia inaikanusha. Mwaka 1957 John Lennon, kijana wa Liverpool, alipiga kwenye sherehe ya kanisa gitaa la Gallotone Champion, chombo cha bei nafuu kilichoundwa Durban, Afrika Kusini. Siku hiyo hiyo alikutana na Paul McCartney. Je, angelisubiri gitaa la fahari?

Tangu hapo magitaa ya wanaoanza yamestawi. Yamaha FG800, lililotoka 2016 kwa takriban dola 200 za Marekani, lina uso wa ubao mmoja wa sprusi, unaovuma kuliko uso wa tabaka zilizogundishwa. Hata hivyo, la tabaka nalo lisibezwe: hustahimili unyevu wa pwani, ambao huuvimbisha ubao mmoja.

La kukataliwa ni gitaa bovu, liwe rahisi au ghali: nyuzi zimeinuka mno juu ya shingo hata vidole vikachubuka, na vigingi vimelegea, sauti haitulii. Mzazi na ayapime hayo kabla ya kuuliza jina la kampuni. Mtoto anayeambiwa angoje gitaa bora hukua, vidole vikakomaa, na wimbo wake ukafia kifuani.