Nyonga ya Mwanakijiji Nayo Ipimwe

Wapo wanafunzi wenzangu wanaocheka wakisikia habari za vifaa vidogo vya kielektroniki vinavyomwongoza daktari anapobadilisha nyonga. "Hayo ni mambo ya Ulaya," husema. "Sisi wa Bwera tunataka dawa na vitanda kwanza." Kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi!

Tuanze na kazi yenyewe. Tangu John Charnley wa Uingereza alipoanza upasuaji wake mashuhuri mwaka 1962, jambo kubwa limekuwa kukipachika vizuri kikombe kinachopokea kichwa cha nyonga bandia. Kwa kipimo kilichopendekezwa mwaka 1978, kikombe kilale nyuzi 30 hadi 50, na kielekee mbele nyuzi 5 hadi 25. Kikikosewa sana, nyonga huweza kuteguka au kulika upesi. Hata hivyo madaktari wengi hukadiria kwa jicho, ilhali mwili wa mgonjwa huweza kusogea chini ya mashuka. Kifaa kinachobebeka hufungwa kwenye mfupa, kikamwonyesha daktari nyuzi hizo palepale.

Basi nani anahitaji kipimo zaidi? Ni daktari anayebadilisha nyonga kila siku, au yule anayebadilisha chache kwa mwaka? Ni mgonjwa wa kwenye kiti cha ofisi, au mama wa Bwera anayeambiwa asichuchumae, naye choo chake ni cha shimo na shamba lake liko mteremkoni? Na kijana mwenye selimundu, ugonjwa unaoweza kuua mfupa wa nyonga mapema, atahitaji nyonga idumu miaka mingi. Ikiharibika, Kampala iko karibu kilomita 400, na upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza. Tajiri atarudi hospitalini. Maskini atarudi kwenye gongo.

Sisemi kifaa kiletwe Bwera kesho. Hakiongezi damu, hakisafishi chumba cha upasuaji, wala hakimgeuzi asiyejua kuwa bingwa. Hata nyonga iliyopimwa vyema huweza kuteguka. Lakini hospitali kubwa zinazowapokea wagonjwa wetu zikinunua vyombo, zisikimbilie roboti za kujionyesha kabla ya kutazama hiki kidogo.

Seremala wa sokoni hapachiki fremu ya mlango bila pimamaji. Iweje mfupa wa mama yake upachikwe kwa jicho tu?