Tulioona Ujerumani Tuseme Yote

Kuna desturi hapa kwetu Kakamega ambayo sasa imezidi kipimo. Mtu akirudi kutoka ng'ambo, jamaa humkalisha kiti cha heshima, humwandalia chai, kisha hungoja wasimuliwe habari za peponi. Naye hawaangushi. Treni za Wajerumani, husema, hufika kwa dakika, barabara hazina shimo, hata misitu yao imesimama mistari kama wanafunzi wa gwaride. Wasikilizaji hutikisa vichwa: "Sisi tutafika lini?" Hapo ndipo nami nataka kutia neno, maana Ujerumani nimefika na misitu hiyo nimeikanyaga.

Nianze na haki yao. Karibu theluthi moja ya nchi ile ni msitu, pamoja na viwanda vyote walivyo navyo. Sheria humruhusu mtu yeyote kutembea msituni, hata ule ulio mali ya mtu binafsi, na Jumapili utawakuta wazee na mikongojo yao, akina mama na watoto, wakifuata njia zenye alama za rangi. Hayo ni ya kuigwa, wala sina kijicho nayo.

Lakini hebu twende Harz, milima iliyo katikati ya nchi. Treni ya moshi hupanda hadi kilele cha Brocken, mita 1,141. Niliketi dirishani nikitazamia kijani kibichi. Nilichoona ni miti mikavu ya rangi ya kijivu, kilima baada ya kilima, mingine wima bila jani hata moja, mingine imeanguka ikalaliana. Nikamuuliza mzee aliyeketi mkabala nami kama ni moto. Akasema hapana, ni mdudu, akanionyesha ukubwa wake kwenye ukucha wa kidole cha mwisho. Mdudu huyo hukaa chini ya gome. Ukame ulioanza 2018 uliidhoofisha miti, ikashindwa kumzuia, naye akajilia.

Yote hayo yana asili yake. Harz ilichimbwa madini kwa karne nyingi, na migodi ikala misitu ya asili. Hofu ya kuishiwa kuni ndiyo iliyomfanya Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi katika mji mwingine wa madini, Freiberg, aandike kitabu mwaka 1713 akiwaonya wenzake wasikate kuliko kinachoota. Nadhani walimsikia nusu. Walipanda, naam, ila sehemu kubwa wakapanda mti wa aina moja, wa jamii ya msonobari, kwa kuwa hukua upesi na kunyooka. Leo wanachanganya aina kwa bidii na gharama, wakiutafuta ule msitu usio na mpango walioufyeka wenyewe.

Msitu wa namna hiyo sisi tunao, hapa hapa Kakamega. Si kwamba hatukujaribiwa: dhahabu ilipopatikana hapa mwaka 1931 watu walimiminika, na mgodi wa Rosterman ulidumu hadi 1952. Hata hivyo msitu ulitengwa kisheria mwaka 1933, na upande wa Buyangu ukawa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Kwa Kenya nzima, hiki ndicho kipande kilichosalia cha msitu wa mvua ulioenea kutoka Kongo. Ingia msituni upande wa Isecheno asubuhi. Mti wa mutere umesimama bega kwa bega na mwiritsa, mitambaazi imeizonga yote miwili, na hutaona safu hata moja. Gome la mwiritsa hutengenezewa dawa ya tezi dume huko huko Ulaya tunakokusifu. Mukombero tunaoutafuna njiani nao ni mmea wa msitu huu. Mchanganyiko huo ndio kinga yake, kwa maana mdudu apendaye mti mmoja humkuta jirani yake hamfai.

Nasi tunafanya nini? Tunang'oa miti ya asili shambani na kupanda mikaratusi hadi ukingoni mwa mito ya Isiukhu na Yala, kisha tunalalamika chemchemi zimekauka. Najua nguzo zina soko na karo ya shule haingoji. Simkatazi mtu riziki yake. Namwomba aipande mikaratusi hiyo mlimani, mbali na maji, ukingo wa mto auachie miti iliyozaliwa hapo. Mwenye kuchoma makaa usiku msituni, huyo sina cha kumbembeleza: anaiba mali ya wanawe.

Enyi mnaosafiri, msiache kusafiri, wala msiache kutusimulia. Tuambieni jinsi Mjerumani anavyoitii sheria ya msitu wake, na tuambieni pia alipokosea, tusije tukanunua kosa lake kwa bei ya msitu wetu. Nanyi walimu, kabla hamjawafundisha watoto majina ya milima ya Ulaya, wapelekeni Buyangu. Mvua za Machi zikianza, kila nyumba ipande walau mwiritsa mmoja.