Utafiti wa wanafunzi wa uhandisi unaishia kabatini

Nyali ina majumba ya fahari, lakini maji ya kisima cha nyumba nyingi huwezi kupikia chai. Yana chumvi. Maji matamu yanatoka mbali: Baricho kwenye Mto Sabaki, Mzima, Marere na Tiwi, na mfereji ukikauka ni mikokoteni ya mitungi tu, Nyali na Kisauni sawasawa.

Mpwa wangu, aliyekuwa mwaka wa tano wa uhandisi, akataka mradi wake wa mwisho uwe huo. Apime chumvi katika visima kumi na viwili kutoka ufukweni kwenda Kisauni, wakati wa kiangazi kisha baada ya masika, aone bahari inaingia kiasi gani chini kwa chini. Swali la maana. Chuoni akapewa msimamizi, pesa hakuna. Kifaa cha kupimia akodi, nauli ajilipie, chupa anunue. Akaishia visima vitatu, mara moja. Alama alipata nzuri, ripoti ikapigwa jalada ikatiwa kabatini.

Hapo ndipo tunapopoteza. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kuweka lengo la asilimia 2 ya pato la taifa. Hatujalifikia, na kidogo kinachopatikana hugombewa na wahadhiri na wanafunzi wa uzamili na uzamifu. Huyu wa shahada ya kwanza hana fungu, ilhali kila mmoja wao lazima afanye mradi kabla ya kuhitimu. Ni nguvu kazi ya bure, tena yenye msimamizi, na kaunti inayolia na maji haijawahi kuwapelekea hata orodha ya maswali inayotaka yajibiwe.

Lakini tusiiachie serikali peke yake. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, wazee wakiiita MIOME, ikapokea wanafunzi 1951. Walichanga Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na Mabohora, na serikali ya kikoloni ikatia chake. Ikawa chuo kikuu kamili 2013. Yaani ufundi wa pwani hii ulisimama kwa sadaka. Leo tuna wakfu za misikiti na madrasa, alhamdulillahi, ila sijaona ya vipimo vya maji. Kodi ya miezi miwili ya duka moja la wakfu hapa Kongowea ingemfikisha yule kijana kisima cha kumi na mbili. (Najua watakaosema hiyo si kazi ya wakfu. Kumpa mtu maji ni kazi ya nani basi?)

Juzi nimekutana na msichana wa mwaka wa nne anayetaka kupima visima vya Bamburi. Hakuwa na habari kwamba vitatu vya jirani vimeshapimwa, wala maktaba haikumwambia. Nakala ya mpwa wangu nimempa mimi, kwa WhatsApp.