Dhahabu ya kijito haina lazima ya merkire



Wakati huu wa vakansi batoto wetu wako mtoni. Asubuhi unawaona wanashuka na karai, kijiko na msumari, wanaenda kukwaruza mwamba wa kijito. Wazazi wanasema: "Acha wacheze, kule hakuna shimo la kuwaangukia." Kisha ile ajali ya Kamituga ya tarehe 11 Septemba 2020, wakati maji ya mvua iliingia ndani ya mashimo na makumi ya watu wakafa, naelewa kabisa mzazi anayesema vile.

Na mimi nilianzia mtoni. Siku ya Mungu, kisha misa, kaka yangu alinionyesha fasi za kutafuta: pale mto unapopinda, upande wa ndani, na nyuma ya mawe makubwa. Dhahabu iko nzito mara 19 kuliko maji; mchanga haufike hata mara 3. Maji ikipita na nguvu inabeba mchanga, lakini dhahabu inashuka mpaka kwa mwamba, inaingia ndani ya nyufa, inabaki. Unatoa udongo wa ufa na kijiko, unaosha polepole, unaona chembe ziko zinang'aa. Ile furaha sijaisahau.

Taabu ilianza siku negosia mmoja alituletea chupa ndogo ya merkire, ile wengine wanaita zebaki. Alisema ni bure. Lakini tulipaswa kumuuzia yeye peke yake, na bei alipanga yeye. Kila jioni mama alichoma lile donge juu ya mbabula ndani ya jiko, na mdogo wetu amelala pembeni. Tulifikiri tumepata msaada. Kumbe tulinunua deni na sumu siku moja.

Moshi wa merkire hauonekane, hauna harufu. Unaingia kwa mapafu, unaharibu akili, figo na mishipa: mikono inatetemeka, mtu anaanza kusahau. Mama mwenye mimba anaupeleka mpaka kwa mtoto aliye tumboni.

Mtu ataniambia: "Bila merkire, dhahabu ya unga itapotea." Ndugu, ile ya kijito haiko ndani ya jiwe. Maji imekwisha kuitenganisha. Uoshe mpaka kubaki mchanga mweusi kidogo, uukaushe, uvute ule mweusi na sumaku ya radio iliyokufa, kisha upulize pole pole. Ule mchanga unaobaki, utie ndani ya chupa. Ikijaa, uuoshe tena. Utapoteza unga kidogo, ni kweli. Lakini mimi naona yule negosia alituibia zaidi kwa bei.

Tuangalie mbali kidogo. Kule California, Marekani, dhahabu ilionekana mwaka 1848, na wachimbaji wa wakati ule walimwaga merkire mingi ndani ya mito. Leo kuko watu kule wanaenda mtoni siku ya mapumziko, kwa kujifurahisha tu, wanakwaruza nyufa za mwamba sawa batoto wetu. Miaka zaidi ya 150 imepita, na merkire ya wale wazee ingali ndani ya ile mito. Tangu 2009 California imekataza mashine za kufyonza mchanga wa mto. Kati ya mambo yaliyotia watu wasiwasi ni kuamsha ile sumu ya zamani.

Sababu ni nyepesi. Merkire nayo iko nzito, mara 13 na nusu kuliko maji. Ukiimwaga mtoni haipotee. Inashuka ndani ya nyufa zile zile ambamo mtoto wako anatia vidole, na samaki anaipeleka mpaka kwa sahani yako.

Basi sisi watu wa sendika tunaomba mambo tatu. Kwanza, merkire itoke ndani ya majiko. Anayeitumia bado kwa dhahabu ya jiwe, achomee mbali na nyumba, ndani ya chombo kilichofungwa kinachokamata moshi, na batoto na mama wenye mimba wasikaribie. Pili, kila koperative inunue sumaku na mizani yake, kusudi mtu asifungwe na chupa ya negosia. Tatu, tuseme ukweli juu ya batoto. Mchezo ukianza kuwa na bei, si mchezo tena, ni kazi. Na sheria ya 2009 inayolinda mtoto inakataza kazi ya namna hii. Masomo ikifunguliwa, karai ibaki nyumbani.

Kama ile chupa iko chini ya kitanda chako, usiimwage mtoni. Uifunge vizuri, uiweke mbali na batoto, uilete kwa koperative. Tutaongea pale, bila kumhukumu mtu.