Mtoto Wako Anachekea Nini?

Mtoto akilia, sote twauliza, "Analilia nini?" Lakini akicheka, ni wangapi wanaouliza anachekea nini? Basi juma hili tuseme habari ya kicheko.

Tazama, mtoto ameketi upenuni na kitabu cha katuni. Ndani yake bata amevaa fulana ya baharia, suruali hana. Anakimbia kwa hasira, anakanyaga reki, mpini unamgonga puani, anatumbukia ndani ya pipa la maji. Mtoto anacheka mpaka machozi yanamtoka. Baba anapita, anasema, "Upuzi mtupu!" Je, ni upuzi kweli? Tuangalie kwanza, ndipo tuhukumu.

Bata huyo ni Donald Duck wa Marekani. Alitokea katika sinema mara ya kwanza mwaka 1934. Katika vitabu, fundi wake hodari alikuwa Carl Barks, aliyezaliwa shambani katika jimbo la Oregon mwaka 1901. Alilima, alikata miti, aliendesha nyumbu. Mwaka 1935 akaingia kazini kwa Walt Disney, akatoka mwaka 1942, akaenda kufuga kuku California. Huko ndiko alikochora hadithi nyingi za bata, akaendelea mpaka alipostaafu mwaka 1966. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, gazeti moja la kila mwezi lililokuwa na hadithi zake liliuza nakala karibu milioni 3. Lakini jina lake halikuandikwa humo. Wasomaji walijua mkono wake tu, na jina wakaja kulijua kama mwaka 1960. Alikufa mwaka 2000, mzee wa miaka 99.

Sikilizeni hadithi yake moja ya mwaka 1949. Donald ni mfagiaji katika jumba la makumbusho. Anapangusa mawe ya pembe nne yaliyotoka milima ya Andes. Moja linamponyoka, linavunjika. Kumbe si jiwe, ni yai! Wakubwa wanafunga safari kumtafuta kuku atagaye mayai ya namna hiyo. Njiani wakubwa wanakula mayai yale ya kale, matumbo yanawavuruga, na kazi yote inamwangukia mfagiaji pamoja na wapwa zake watatu, Huey, Dewey na Louie. Wanapotea katika ukungu, wanafika bonde ambako kitu cha mviringo ni marufuku. Watoto wanapuliza ubani wa kutafuna, unatoka mviringo, nusura wafungwe! Mwisho, baada ya taabu nyingi, wanarudi na kuku wawili. Watu wote wanangoja mayai. Kumbe wote wawili ni majogoo! Aliyewahi kufuga kuku atajua kuwa mchoraji huyu naye alifuga.

Mnaona ni nani anayeanguka humo? Ni mwenye tamaa, mwenye haraka, mwenye kujiona. Sisi nasi twamjua Fisi wa hadithi za bibi. Fisi huumia kwa ulafi wake, wala hapana mtoto anayemlilia.

Tena sikilizeni ya Krismasi, kitabu cha Januari 1952. Wale wapwa wanapita mtaa wa maskini, wanaona watoto wenzao wamekonda. Wanataka kuwafanyia karamu, na kuwapa treni ya kuchezea. Mjomba Scrooge, tajiri bahili aliyebuniwa na Barks mwaka 1947, anaona chakula sawa, lakini treni ni upuzi. Siku zinapita, ghala lake la fedha linatoboka chini kwa uzito, fedha zote zinazama shimoni. Njia ya kuzifikia ni tundu jembamba tu. Ni kitu gani kinaweza kupita pale? Treni ya kuchezea! Basi, baba uliyesema "upuzi", ufikiri mara mbili.

Lakini msidhani nasema kila kitabu cha picha ni chema. Marekani yenyewe wazazi walihangaika sana. Mwaka 1948, katika mji wa Binghamton, wanafunzi wa shule ya Kikatoliki walivichoma moto vitabu vya katuni. Mwaka 1954 Baraza la Seneti lilifanya uchunguzi, maana vingine vilijaa mauaji na damu. Wachapaji wengi wakaweka sheria na mhuri. Dell, waliochapa Donald, Bugs Bunny, na Tom na Jerry, hawakujiunga. Wao walichapa ahadi yao wenyewe kwa wazazi.

Je, mhuri au ahadi inatosha? Haitoshi. Mwaka ule ule 1949, Barks huyo huyo alichora hadithi iitwayo Voodoo Hoodoo. Humo Waafrika wamechorwa kwa sura za kudhalilisha, kana kwamba si watu kamili. Barks alikuwa hajaiona Afrika. Baadaye wachapaji walibadili baadhi ya picha hizo. Mkono uliotuchekesha kwa majogoo mawili ndio uliochora hayo. Mtoto wako akikutana na kitabu hicho peke yake, atamcheka nani? Atajicheka mwenyewe, wala hatajua.

Basi, wazazi, msichome wala msiache tu. Keti na mtoto. Mwambie asome kwa sauti, nawe umuulize maneno matatu. La kwanza: "Huyu ameanguka kwa sababu gani?" Kama ni kwa kiburi chake, chekeni pamoja. La pili: "Kama wanamcheka kwa rangi yake, au kwa umaskini, au kwa kilema, je, ni haki?" Hapo mwambie wazi kwamba mchoraji alikosea. La tatu: "Bata huyu amepigwa gogo kichwani, na picha ya pili yuko mzima. Mdogo wako akipigwa hivyo, atainuka?" Mtoto lazima ajue kwamba bata wa karatasi haumii, na mdogo wake anaumia.

Siku hizi wanyama hao hao wamo hata katika simu, wanakimbizana na kugongana. Maswali ni yale yale.

Samaki mkunje angali mbichi. Kicheko nacho hufundishwa: mtoto aliyezoea kumcheka mwenye kiburi, na kumhurumia mnyonge, atakuwa jirani mwema. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea tena. Kwa herini.